Albamu ya pili imetukimbizia wasikilizaji, je, tuifute?

Mzee wangu, shikamoo.

Mimi ni mwimbaji na mtunzi wa mashairi katika bendi ya vijana wanne tunaopiga muziki wa roki hapa Mwanza, na nina umri wa miaka 26. Najua wengi hututania kwamba jiji hili huitwa Rock City kwa sababu ya mawe yake wala si kwa sababu yetu. Utani huo tumeusikia mara nyingi hata tukaamua kuutumia wenyewe kwenye matangazo ya maonyesho yetu ya mwanzo.

Albamu yetu ya kwanza ilikuwa na nyimbo tisa, na tuliirekodi kwa siku kumi na moja chini ya prodyuza mmoja mtu mzima. Nyimbo zenyewe tulikuwa tumezipiga kwa karibu miaka minne kwenye mahafali ya vyuo, kwenye baa moja ya ufukweni, na hata kwenye sherehe ya kumuaga binamu wa mpiga dramu wetu alipokuwa anaolewa. Wimbo uliotutoa unawahusu wavuvi wa dagaa wanaoingia ziwani usiku wa giza na karabai zao. Watu walikuwa wakiimba kiitikio chake hata kabla hatujaurekodi, na baada ya kutoka niliusikia kwenye bajaji, kwenye kivuko, na siku moja nikamsikia fundi cherehani wa Mabatini akiuimba huku amebana pini mdomoni, asijue kwamba mimi niliyesimama mbele yake na gauni la kupunguza ndiye niliyeutunga.

Kisha baba yangu, aliyekuwa fundi wa mitumbwi, akaugua kwa miezi mitano na kufariki, na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani. Albamu ya pili ilizaliwa humo. Tuliitengeneza wenyewe kwa miezi minane katika stoo moja huko Igoma, kwa kompyuta iliyotumika na bila prodyuza, kwa kuwa wote tuliona kwamba yule wa kwanza aliyapunguza nguvu magitaa yetu. Nyimbo ni ndefu, mmoja unapita dakika nane, magitaa ni mazito, na karibu mashairi yote yanahusu kile chumba cha mgonjwa. Sijawahi kuandika maneno ya kweli kuliko hayo.

Mzee, imepokelewa vibaya. Wapo wanaosema ni kelele tupu, wapo wanaosema tumejifanya wazungu, na wengi zaidi wanauliza tu ni lini tutatoa mwingine kama ule wa karabai. Siku ya uzinduzi ukumbi ulikuwa na watu wasiopungua mia moja na hamsini, nasi tuliamua kuipiga albamu mpya yote tangu mwanzo hadi mwisho bila kugusa ya zamani. Kufikia wimbo wa nne nusu ya watu walikuwa nje kwenye mishikaki. Mmoja akapaza sauti, “Karabai!” nami, kwa uchungu niliokuwa nao, nikajibu kwenye kipaza sauti kwamba anayetaka karabai aende Mwaloni, kwenye soko la samaki. Watu walicheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri, na tangu siku hiyo kipande hicho cha video kinazunguka kwenye simu za watu.

Hata mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, ambaye ndiye aliyenisimulia mengi niliyoyaweka katika ule wimbo wa kwanza, nilipompigia wimbo mmoja mpya kwenye simu yangu alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono, akasema, “Mwanangu, nasikia unalia, lakini sisikii unalilia nini.” Basi nikaona kwamba hata yeye yuko upande wao.

Sasa bendi inapasuka. Mpiga gitaa la solo anataka tuiondoe albamu yote kwenye mitandao ya kusikilizia muziki na tutengeneze ya tatu iliyo kama ya kwanza. Mpiga dramu anasema tupige nyimbo za watu kwenye harusi angalau tulipe kodi ya stoo. Mpiga besi haji mazoezini tena na hasemi kwa nini. Mimi naona wasikilizaji hawajaelewa, na kwamba kuifuta ni kumzika baba mara ya pili. Nakuwekea nyimbo zote katika bahasha hii ndani ya flashi ili usikilize mwenyewe. Je, tuifute, au tukae nayo kimya mpaka watu waelewe?

Mwimbaji, Pasiansi

MAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Nianze kwa kukutoa wasiwasi: msiifute. Lakini sikubaliani nawe pia kwamba dawa ni kukaa kimya mpaka watu waelewe, na sababu ya kutokubaliana nawe umeiandika wewe mwenyewe katika barua yako, kisha ukaipita haraka kana kwamba ni tusi jingine miongoni mwa matusi.

Umeyaweka maneno ya watu katika fungu moja, wakati mimi nayaona kuwa matatu yasiyohusiana. Yule anayesema mmejifanya wazungu usimjibu. Magitaa ya roki yaliungurumishwa Dar es Salaam tangu miaka ya 1970 na bendi ya Sunburst, ambayo rekodi zake zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 2016, kwa hiyo hakuna aliye na haki ya kuwaambia kwamba mmeazima nguo ya mtu. Yule anayeuliza karabai nyingine iko lini hasemi kwamba albamu mpya ni mbaya; anasema amekukosa, na huyo nitarudi kwake. Lakini mama wa Mwaloni amekwambia jambo la tatu kabisa. Amekiri kwamba kilio amekisikia. Alichokikosa ni maneno. Mtu anayekuambia hivyo hajahamia upande wowote, na kwa kweli sijui kama mchambuzi wa muziki aliyelipwa angeweza kukueleza kasoro ya rekodi yako kwa maneno machache kuliko hayo.

Nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilihamishia nyimbo kwenye simu, nikaiegemeza kwenye birika la chai huku mke wangu akichambua mchele upande wa pili wa meza. Kufikia wimbo wa tatu aliniuliza kama huyo binti anaimba Kiswahili. Mara ya pili nilitumia hedifoni za mjukuu wangu, na hapo nikasimama, kwa sababu niliusikia ule ubeti unaosema kwamba mkono wa baba ulikuwa bado umepinda kama umeshika tezo, lile shoka dogo la kuchongea mbao, na shoka lenyewe lilikuwa limeshauzwa kulipia dawa. Nilimwita mke wangu nikamvalisha hedifoni, naye akausikiliza akiwa amesimama, mchele ukibaki kwenye ungo. Mara ya tatu niliipeleka kwa kinyozi wangu mwenye sabufa kubwa, na huko sauti yako ilizama tena, safari hii chini ya besi na dramu. Maneno ni yaleyale, sikio ni lilelile; kilichobadilika ni chombo tu. Hapo tatizo si uelewa wa wasikilizaji, bali ni namna mlivyochanganya sauti.

Vumilia nikueleze kidogo, kwa kuwa nilipiga besi katika bendi za dansi za mahotelini hapa mjini kwa miaka mingi kabla sijashika kalamu. Herufi zinazomwezesha mtu kutofautisha neno moja na jingine, yaani konsonanti kama s, t, k na ch, hutegemea sana eneo la sauti lililo juu kidogo ya hezi 1,000, yaani mitetemo elfu moja kwa sekunde, na kuendelea, na gitaa lenye mkwaruzo mzito linakaa papo hapo, likiwa limeenea kama mtu aliyelala kwenye kiti cha watu watatu. Mkiweka magitaa mawili ya namna hiyo, kila moja limerekodiwa mara mbili kama nilivyoyasikia, sauti ya mwimbaji inabaki na irabu tu: watu wanasikia aa na oo, yaani kilio, bila kinacholiliwa. Kwenye hedifoni sikio lina nafasi ya kutenganisha, kwa sababu gitaa moja liko kushoto na jingine kulia. Spika ndogo ya simu huyamwaga yote mahali pamoja, na isitoshe haina uwezo wa kutoa sauti za chini, hivyo mpiga besi wenu hatoki kabisa. Nilipoisikiliza mezani sikumsikia hata mara moja. Umesema haji mazoezini wala hasemi kwa nini. Pengine amejisikiliza kwenye simu kama wanavyosikiliza watu wengi wa Mwanza, akakuta hayumo.

Yule prodyuza wenu wa kwanza, ambaye mlimlaumu kwa kuyapunguza nguvu magitaa, nadhani alikuwa anakupisha wewe upite. Sisemi mrudi kwake na kumwachia kila kitu, maana uzito wa magitaa katika albamu hii una sababu, na ningesikitika mkiuondoa. Ninachosema ni kwamba mzipeleke nyimbo tatu au nne, zile ambazo bila maneno hazisimami, kwa mtu ambaye hakuwepo stooni miezi minane. Ninyi mnayajua mashairi kwa moyo, kwa hiyo masikio yenu yanajaza kila neno lililopotea. Hamwezi tena kusikia kile ambacho mgeni hasikii. Ayakate magitaa kidogo katika eneo lile la sauti kila unapoimba, ayarudishe unaponyamaza, na aisikilize kazi yake kwenye simu ya bei nafuu kabla hajawapa.

Zikishakuwa tayari, zitoeni kama toleo jipya na mliache la zamani lilipo. Rekodi iliyochanganywa upya hupewa nambari yake mpya ya utambulisho, ile inayoitwa ISRC, kwa hiyo matoleo mawili yanaweza kuishi pamoja bila kugombana. Mkiifuta albamu, mtawanyang’anya wale wachache walioipenda na kuiweka katika orodha zao za nyimbo, na wapo, kwa sababu hata katika barua yenye uchungu kama yako umesema nusu ya watu walitoka nje. Nusu nyingine ilibaki ukumbini, nawe hukuandika hata sentensi moja kuihusu.

Sasa nirudi kwa anayekukosa. Umenieleza kwamba nyimbo za kwanza mlizipiga kwa miaka minne kabla ya kurekodi. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika barua yako. Bila shaka mlikuwa na nyimbo nyingi zaidi ya tisa katika miaka hiyo, na zile zilizowaacha watu wakipiga soga mliziacha njiani. Kiitikio kilichowashinda kuimba mlikifupisha. Mahali walipopiga makofi mapema mlipaacha pawe hivyo. Wale watu wa baa ya ufukweni walikuwa watayarishaji wenu bila malipo, na karabai waliijua kama mtu anavyoijua nyumba aliyoshiriki kubeba matofali yake. Albamu ya pili mmeijenga mmejifungia, mkawaita siku ya kuhamia. Katika hali hiyo hata nyumba nzuri mtu huizunguka akitafuta mlango.

Bendi za dansi za zamani zililielewa jambo hili vizuri. Wimbo uliokuwa unakwenda kurekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwa kawaida ulikuwa umeshachezwa ukumbini usiku baada ya usiku, na makosa yake yameshatolewa na miguu ya wachezaji. Na bendi ilipotaka kubadilisha mapigo haikuwavizia watu. Ilitangaza mtindo mpya na kuupa jina, kama Vijana Jazz walivyokuwa kwa nyakati tofauti na Takatuka, Hekaheka na Pamba Moto, ili anayekuja ukumbini ajue kwamba leo kuna kitu kingine na aje amejiandaa. Ninyi mlibadilisha kila kitu kwa usiku mmoja, hamkutangaza, kisha mkakasirika kwamba watu walikuja na viatu vya mtindo wa zamani.

Mimi nimekulia Kisesa, karibu na Bujora, na kila baada ya mavuno nilikuwa nikienda kutazama Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, wakishindana. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi hujulikana kwa umati: watu wakihama upande huu kwenda ule, kila mtu anaona. Nimewaona wachezaji umati ukiwaacha. Sikuwahi kumwona hata mmoja akiwatukana wanaoondoka. Manju huangalia migongo ya watu, anapunguza ngoma, anaanzisha wimbo ambao wazee wanaujua, na watu wakigeuza shingo ndipo anapotoa ile mbinu mpya aliyoificha tangu asubuhi.

Ndiyo maana lile neno lako la kipaza sauti limeniuma kuliko maoni yote uliyoyataja. Aliyepaza sauti “Karabai!” alikuwa amelipa kiingilio, amesimama nyimbo nne, na bado alikuwa ndani ya ukumbi. Usitoe tamko la kuomba radhi kwenye mitandao, maana litazungushwa kama lilivyozungushwa la kwanza. Onyesho lijalo fungueni na karabai, bila maelezo yoyote, na muipige vizuri kuliko mlivyowahi kuipiga. Kisha wekeni nyimbo mbili mpya, si kumi na moja. Ule wa dakika nane usubiri. Hata mimi niliyeupenda nilitazama saa kwenye dakika ya sita.

Mpiga solo wenu anayetaka kufuta, mweleze kisa cha Weezer, bendi ya roki ya Marekani, ambao huenda anawajua. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1994 ilisimamiwa na prodyuza mzoefu, Ric Ocasek, nayo ikapendwa sana. Ya pili, Pinkerton, waliitayarisha wenyewe, ikawa na mkwaruzo zaidi na maneno ya ndani ya moyo wa mwimbaji wao, Rivers Cuomo. Ilipotoka mwaka 1996 wasomaji wa jarida la Rolling Stone waliipigia kura kuwa miongoni mwa albamu mbaya za mwaka huo. Miaka ilivyopita vijana waliipenda polepole, wakaigiza, wakaambizana, na mwaka 2010 bendi hiyohiyo ilifanya ziara ikiipiga yote tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya watu walioijua kwa moyo. Wangeifuta, wangefuta pia hao.

Lakini kisa hicho usikichukue wewe kama faraja, kwa sababu kwa kila albamu iliyofufuka namna hiyo zipo nyingi ambazo hakuna aliyezirudia, na hakuna ishara ya kukuonyesha yako ni ipi. Tena angalia upande wake mwingine: baada ya mapokezi yale bendi hiyo haikutoa albamu nyingine mpaka mwaka 2001, na mpiga besi wao alikuwa ameshaondoka. Miaka hiyo mitano ndiyo ninayoiogopa kwenu kuliko maoni ya watu. Wewe una mpiga besi anayeondoka sasa hivi. Nenda kwao, usimpigie simu. Mwambie kwamba katika kuchanganya upya, besi itapandishwa na kuongezwa ukali kidogo ili isikike hata kwenye simu, na mwambie akae pale kazi hiyo inapofanyika.

Kwa mpiga dramu sina ugomvi. Harusi mbili kwa mwezi hazijawahi kuua bendi, na kodi ya stoo haisubiri albamu ieleweke. Nasi tulipiga sana harusi, na humo nilijifunza kuishusha bendi ili mshereheshaji asikike.

Kuhusu baba, naomba uniruhusu niseme hili kama mzazi. Umeandika kwamba kuifuta ni kumzika mara ya pili, na nimekuelewa, lakini ndiyo sababu kila anayesema “gitaa limezidi” unamsikia kana kwamba amesema baba yako hakustahili wimbo. Hawajasema hivyo. Hawajui kwamba kuna baba. Siku ya uzinduzi hukuwaambia, na kwenye rekodi hawakumsikia.

Kwa hiyo kabla ya studio na kabla ya onyesho, fanya jambo moja. Rudi Mwaloni asubuhi, mchukue mpiga solo na gitaa moja lisilo na umeme, na mwombe yule mama akusikilize tena wakati anapima dagaa wake. Mwimbie ule wimbo wa tezo taratibu, bila kitu kingine chochote. Usimuulize kama ameupenda. Mwangalie mikono tu. Mahali atakapoacha kupima, mpiga solo wako apawekee alama kwenye daftari, na kwenye toleo jipya mahali hapo magitaa yote yanyamaze. Kisha nileteeni ninyi wenyewe badala ya kutuma flashi, maana mke wangu anataka kumwona huyo binti, na besi yangu bado ina nyuzi tatu zinazofaa.